Saa za Mkononi za Kalenda na Anga: Namna ya Kuzikagua Maonyeshoni na Kuzipanga kwa Anga la Mwanza

Kila mwaka watengenezaji wakubwa wa saa hukutana katika kumbi za Palexpo mjini Geneva kwa maonyesho ya Watches and Wonders, na tangu 2015 yapo pia ya Dubai Watch Week, ambayo mfanyabiashara wa Mwanza aliyekwenda Dubai kufuata mzigo anaweza kuyapitia iwapo tarehe zimeangukia vizuri. Huko, nyuma ya vioo, huwekwa saa za mkononi ambazo hazitosheki na kutaja saa na dakika: zinaonyesha siku, tarehe, mwaka mrefu, umri wa mwezi wa angani, kuchomoza na kuzama kwa jua, na nyingine hubeba ramani nzima ya nyota. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzikagua kwa makini, awe mnunuzi au mtazamaji tu, na hasa anayetaka kujua jambo ambalo wahudumu wa maonyesho hawalitaji mpaka waulizwe, nalo ni hili: saa hiyo imetengenezwa kwa anga la mji gani, na itasema nini ikiletwa mwambao wa Ziwa Victoria.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta na karibu nyuzi 33 mashariki ya Greenwich. Ziandike namba hizo kwenye simu kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu karibu kila swali la maana utakalouliza litazihitaji.

Anza na kalenda

Sehemu ya kalenda haijali uko wapi duniani, kwa hiyo ndiyo rahisi kuikagua. Saa yenye tarehe ya kawaida huhesabu mpaka 31 kila mwezi, na mwenyewe huirekebisha mara 5 kwa mwaka, kila mwezi mfupi unapokwisha. Saa ya kalenda ya mwaka, aina ambayo Patek Philippe iliiingiza sokoni 1996, inaitambua miezi ya siku 30 na ya siku 31, lakini Februari huishinda, hivyo huguswa mara moja tu, kila tarehe mosi Machi. Saa ya kalenda ya kudumu hutambua hata mwaka mrefu. Ndani yake mna gurudumu linalozunguka polepole, katika mfumo unaorudi mwanzo kila baada ya miaka 4, ambalo ukingo wake umechongwa kwa vina tofauti, kila mwezi na kina chake. Kidole cha chuma kikizama kwenye kina kirefu kuliko vyote, saa inajua kwamba hii ni Februari ya siku 28 na usiku wa leo lazima tarehe iruke hadi mosi. Fundi Mwingereza Thomas Mudge alitengeneza saa ya mfukoni ya namna hii 1762, na Patek Philippe ikauweka mtambo kama huo katika saa ya mkononi 1925.

Namna ya kuitambua kalenda ya kudumu bila kumtegemea mhudumu ni kutafuta usoni alama ya mwaka mrefu, ambayo kwa kawaida ni kidirisha au kiduara kidogo chenye namba 1 hadi 4, ya nne ikiwa ndiyo ya mwaka mrefu. Usipoiona, uliza iko wapi, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huificha upande wa nyuma. Elewa pia kwamba nyingi za saa hizi zitahitaji kurekebishwa kwa mkono tarehe 1 Machi 2100, maana mwaka 2100 hugawanyika kwa 100 bila kugawanyika kwa 400, na kwa hiyo si mwaka mrefu, ilhali saa itadhani ndivyo ulivyo. IWC ilitoa 2024 saa ya Portugieser Eternal Calendar, yenye gurudumu linalomaliza mzunguko mmoja kwa miaka 400 ili kulikwepa kosa hilo. Ni kazi ya kupendeza sana, ingawa kwa maoni yangu anayeilipia ananunua fikra zaidi ya matumizi. Mtu wa kazi zake za kila siku hapa mjini anatoshelezwa kabisa na kalenda ya mwaka.

Mwezi: hesabu siku, usitazame upande

Kidirisha cha mwezi ndicho kinachovuta macho ya wengi, na ndicho kinachopotosha wengi. Kwanza, hakikisha kwamba ni mwezi kweli. Zipo saa, tena nzuri na za bei ya kawaida, zenye kisahani cha jua na mwezi ambacho huzunguka mara moja kwa saa 24. Hicho hutofautisha mchana na usiku tu, wala hakijui kama mwezi ni mchanga au ni mpevu. Kisahani cha kweli hubeba miezi miwili iliyochorwa na husogea jino moja kwa siku.

Pili, uliza kuhusu meno ya gurudumu lake. Gurudumu la kawaida lina meno 59, yaani linauhesabu mzunguko mmoja wa mwezi kuwa siku 29 na nusu. Mzunguko halisi ni wastani wa siku 29.53, na tofauti hiyo ndogo ya dakika 44 kila mwezi hulimbikizana mpaka saa inakuwa mbele kwa siku nzima baada ya takriban miaka miwili na miezi minane. Saa za daraja la juu hutumia gurudumu la meno 135, ambalo hukosea siku moja kwa miaka 122 hivi, na A. Lange & Söhne katika saa yake ya Terraluna ya 2014 ilifikisha miaka 1,058. Namba hizi zina maana kama saa haisimami hata siku moja, jambo ambalo katika maisha ya kawaida halitokei. Meno 135 yanatosha na kubaki.

Tatu, na hapa ndipo Mwanza inapoingia, mwezi uliochorwa kwenye saa ni mwezi wa Ulaya. Huonekana ukijaa kutoka kulia kwenda kushoto, hilali ikiwa imesimama wima, kama anavyouona mtu wa Geneva. Sisi tulio karibu na Ikweta, tukitazama ng'ambo ya ghuba upande wa Sengerema jua likishazama, hilali tunaiona imelala chali kama mtumbwi, mwanga ukiwa upande wa chini. Mteja aliyezoea anga letu anaweza kudhani saa ina kasoro, kumbe imechorwa kwa jicho la mbali tu. IWC imewahi kuweka miezi miwili katika Portugieser yake ya kalenda ya kudumu, mmoja wa Kaskazini na mwingine wa Kusini, lakini hata huo wa Kusini umesimama wima, kwa hiyo hautufai zaidi ya ule wa kwanza. Kanuni iliyo salama ni kuusoma umri wa mwezi kwa siku na kuuacha upande wake.

Kwa umri huo saa ina kazi ya kweli ziwani. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazivuti samaki vizuri, ndiyo maana siku za kuzunguka mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika na dagaa hupungua pale Mwaloni Kirumba. Wavuvi hawahitaji saa ya Uswisi kulijua hilo. Anayenunua dagaa kwa magunia akiwa ofisini, ambaye mwezi hauoni kwa sababu ya paa na taa za mjini, anaweza kupanga manunuzi yake kwa kukitazama kidirisha hicho.

Jua: onyesho lenye faida kuliko yote kwetu

Saa nyingi za anga huonyesha muda wa kuchomoza na kuzama kwa jua. Onyesho hilo huendeshwa na kamu, kipande cha chuma kilichochongwa kwa latitudo (umbali wa mji kutoka Ikweta, kwa nyuzi) moja maalumu, na kamu ya Geneva ina kazi nzito, kwani huko mchana wa Juni huzidi saa 15 na ule wa Desemba haufiki saa 9. Ukiivaa saa hiyo Mwanza itakudanganya karibu kila siku ya mwaka. Hapa mchana mrefu kuliko wote, wa Desemba, unaupita mfupi kuliko wote, wa Juni, kwa takriban dakika 17 tu. Usilipie onyesho la kuchomoza kwa jua ambalo kamu yake haikuchongwa kwa latitudo yako.

Lipo onyesho jingine ambalo wengi hulipita haraka wakilidhani ni pambo. Ni lile la tofauti kati ya saa ya jua na saa ya ukutani, ambalo huwa na akrabu ndogo inayotembea kati ya alama ya kujumlisha na ya kutoa, kuanzia kama kutoa 14 hadi kujumlisha 16. Chanzo chake ni mambo mawili: njia ya Dunia kulizunguka Jua si duara kamili, na mhimili wa Dunia umeinama. Kwa hiyo jua huwahi au huchelewa, likifika kilele cha kuwahi, dakika 16 na ushei, tarehe 3 Novemba hivi, na kilele cha kuchelewa, dakika 14 hivi, karibu na tarehe 11 Februari. Mara 4 kwa mwaka tofauti hutoweka: katikati ya Aprili, katikati ya Juni, mwanzoni mwa Septemba na siku ya Krismasi. Tofauti hii ni ileile Geneva, Dubai na Mwanza, hivyo akrabu yake haihitaji kubadilishwa popote uendako.

Ili uitumie nyumbani, ongeza hesabu moja. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita jirani na Mogadishu na ambao haugusi kabisa nchi kavu ya Tanzania. Mwanza iko nyuma ya mstari huo kwa nyuzi 12 na kidogo, na kila uzi mmoja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu hufika kileleni wastani wa dakika 48 baada ya saa 6 mchana. Chukua saa 6 na dakika 48, kisha toa dakika ambazo jua limewahi, au jumlisha ambazo limechelewa, kama akrabu inavyoonyesha. Tarehe 3 Novemba jibu ni saa 6 na dakika 32. Tarehe 11 Februari ni saa 7 na dakika 2. Unaweza kulithibitisha kwa kijiti kilichosimamishwa wima kwenye uwanja tambarare, kwa kuwa dakika hiyo kivuli chake huwa kifupi kuliko wakati mwingine wowote wa siku na hulala sawasawa kuelekea kaskazini au kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua likiwa utosini, kivuli hicho kitatoweka.

Ukishapata saa ya jua kufika kileleni, toa saa 6 na dakika 4 na utapata kuchomoza kwake, au zijumlishe upate kuzama kwake, na hutakosea zaidi ya dakika chache msimu wowote. Kwa njia hiyo utaona kwamba jua huchomoza Mwanza takriban saa 12 na dakika 28 asubuhi mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi saa 12 na dakika 58 katika Februari, ingawa urefu wa mchana wa nyakati hizo mbili unakaribia kuwa sawa. Karibu nusu saa hiyo yote inatokana na tofauti ambayo akrabu ile ndogo inaionyesha. Onyesho ambalo kwa mtu wa Geneva ni la kufurahisha wageni, kwetu linafanya kazi ya maonyesho matatu, na ndilo ningeliulizia kwanza maonyeshoni. (Kwa anayekaa chini ya vilima vya mawe, jua lenyewe litaonekana baadaye kidogo, hilo si kosa la hesabu.)

Onyesho hili hupatikana katika sura mbili. Sura ya kawaida ni ile ya akrabu ya kujumlisha na kutoa. Sura ya gharama zaidi, mfano Breguet Marine Équation Marchante 5887 ya 2017, huwa na akrabu ya pili ya dakika yenye alama ya jua, inayotembea pamoja na ile ya kawaida na kusoma saa ya jua moja kwa moja. Kwa Mwanza, isome kisha utoe dakika 48. Audemars Piguet ilikwenda hatua zaidi katika Jules Audemars Equation of Time, kwa kuchora kwenye pete inayozunguka kioo jina la mji na saa ambayo jua hufika kileleni mjini humo. Kama utaagiza saa ya namna hiyo, sasa unaijua namba ya kuandikiwa.

Nyota, maji na sayari

Ramani ya nyota ndiyo iliyofungwa na mji kuliko maonyesho yote. Saa ya mfukoni ya Henry Graves, iliyokamilishwa na Patek Philippe 1933 na kuuzwa mnadani Geneva 2014 kwa takriban dola milioni 24, ina anga la usiku la New York, mji wa mwenyewe. Katika ramani za kaskazini, Nyota ya Kaskazini hukaa juu na nyingine zote huizunguka. Mwanza nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho na haionekani. Msalaba wa Kusini, ambao sisi tunauona vizuri jioni za Mei, Geneva hauchomozi kamwe na ramani ya huko haina nafasi yake. Kilimia kimo, na mkanda wa Orioni pia umo, lakini ramani itauweka chini upande wa kusini ilhali kwetu hupita karibu kabisa na utosini. Kinachobaki kuwa cha kweli popote ni mwendo: kisahani cha nyota kinapaswa kumaliza mzunguko kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, ndiyo maana kila nyota huchomoza karibu dakika 4 mapema kuliko jana. Uliza kama kisahani kinafuata mwendo huo au kinafuata saa 24 kamili. Jibu litakuonyesha kama una ramani au una picha.

Baadhi ya saa, kama Celestia ya Vacheron Constantin ya 2017, yenye maonyesho na kazi 23 na mtambo wa vipande 514 usiozidi milimita 9 kwa unene, huonyesha hata kujaa na kupwa kwa maji ya bahari. Mtu wa Tanga au Kilwa atalifurahia. Ziwa letu halijai wala kupwa kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo lipite. Saa za sayari, kama Midnight Planétarium ya Van Cleef & Arpels ya 2014, ambayo Zohali yake huchukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja, huonyesha mpangilio wa sayari kulizunguka Jua na hazijali uko wapi; uliza tu kama zinaweza kupangwa upya kwa urahisi zikisimama.

Mbele ya kabati

Usiamini tarehe wala mwezi unaouona nyuma ya kioo, kwa kuwa saa nyingi za maonyesho zimesimamishwa makusudi, akrabu zikipangwa ili jina la mtengenezaji lionekane. Omba miadi ya kuishika. Utakapokaa mezani, vua pete na bangili, acha mhudumu aiweke saa kwenye kitambaa, na uombe akuonyeshe yeye mwenyewe jinsi ya kuurekebisha mwezi na tarehe. Ukimwona anasita au anaita mwenzake, jua kwamba nawe utasita siku utakapokuwa peke yako. Kisha muulize, kwa mpangilio huu: kamu ya jua na ramani ya nyota ni za latitudo gani; je, kiwanda hukubali kuchonga nyingine kwa mji wa mteja, na kwa muda gani; tarehe ikipitilizwa kwa bahati mbaya, inarudishwa vipi; na matengenezo hufanyika wapi. Swali la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu saa hizi hurudishwa kwa mtengenezaji au kwa kituo chake, na hata fundi wetu hodari wa mjini hapaswi kuombwa azifungue.

Kuipanga nyumbani

Tia saa ufunguo mpaka iwe na nguvu ya kutosha, kisha zungusha akrabu kwenda mbele hadi tarehe iruke. Hapo ndipo usiku wa manane wa saa hiyo. Endelea kwenda mbele mpaka akrabu fupi ifike kwenye namba 6, ambayo ni saa 12 asubuhi yetu, na uiache hapo unapopanga kalenda. Kamwe usibonyeze kitufe cha kalenda akrabu ikiwa kati ya 8 ya usiku na 4 ya alfajiri zilizoandikwa usoni, yaani saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri, kwani wakati huo meno ya kalenda yameshikana na yanaweza kuvunjika. Kitabu cha saa yako kikitaja muda mrefu zaidi, fuata hicho. Anayesoma saa kwa mazoea yetu na kitabu kwa mazoea ya Kizungu azihakiki namba hizo mara mbili.

Panga mwezi na mwaka mrefu, kisha tarehe, kisha siku ya juma, isipokuwa kwa saa ambazo kila kitu kimeunganishwa, kama zile zinazofuata mtambo uliobuniwa na Kurt Klaus kwa ajili ya IWC Da Vinci ya 1985. Hizo hupangwa kwa kifundo kimoja na huenda mbele tu. Ukipitiliza kwa siku tatu, dawa ni kuisimamisha saa na kungoja tarehe halisi iifikie, kwa hiyo ikaribiapo leo, punguza mwendo.

Kwa mwezi wa angani, tafuta tarehe ya mwezi mpevu uliopita. Bonyeza kitufe chake mpaka mwezi mzima ukae katikati ya kidirisha, kisha bonyeza mara moja kwa kila siku iliyopita tangu hapo. Kila mbonyezo uwe na mlio wake mmoja mdogo, na usipousikia usihesabu. Kwa mfano, usiku wa 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote na Tanzania tuliuona, na mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, hivyo aliyeipanga saa yake tarehe 20 mwezi huo alibonyeza mara 13. Usiipange kwa siku ya Idi wala kwa kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Mwandamo huhesabiwa tangu mwezi unapoonekana kwa macho, lakini kisahani huanza pale mwezi unapokuwa upande mmoja na jua, siku moja au mbili kabla, na ukichanganya mawili hayo mwezi mpevu wa saa utachelewa kuufikia ule wa juu.

Mwisho, vitufe hivyo vya pembeni vimezamishwa makusudi na hubonyezwa kwa kijiti maalumu kinachokuja ndani ya sanduku la saa. Ukikipoteza, tumia kijiti cha mbao kilicholainishwa ncha; sindano na ncha ya kalamu huchuna dhahabu, na zikiteleza huingia kwenye mtambo.